Maisha ya John Howard, Sherifu wa Bedfordshire

Nilipochaguliwa kuwa kiranja wa bweni nilifurahi sana. Kazi yangu ilikuwa kupita vitanda vyote kila jioni, kisha kuandika katika daftari hali ya wenzangu. Lakini mimi nilikuwa nikisimama mlangoni tu, nikaandika kwamba wote ni wazima, nikaenda zangu. Siku moja mtoto wa Kidato cha Kwanza alikutwa amelala na homa kali kwa siku ya pili, na daftari langu lilisema kwamba hana neno. Mwalimu wa zamu hakunigombeza. Alinipa kitabu cha maisha ya John Howard, akaniagiza nikisome chote. Nimekisoma, na sasa napenda kuwasimulia wasomaji wa gazeti letu habari za bwana huyo.

Kwanza nieleze cheo chake. Uingereza imegawanyika katika majimbo yaitwayo kaunti, na tangu kabla ya mwaka 1066 kila kaunti ilikuwa na sherifu. Tusimchanganye na sharifu wetu wa pwani, kwani maneno hayo hayana udugu. Sherifu alikuwa mtu wa mfalme: alikusanya kodi, alikamata wahalifu, na aliongoza askari. Miaka mingi ilipopita, kazi hizo zilipunguzwa moja moja, hata cheo kikabaki kuwa cha heshima, akipewa tajiri fulani kwa mwaka mmoja. Hata hivyo, kwa sheria gereza la kaunti lilikuwa bado mikononi mwake. Masherifu wengi walilijua gereza hilo kwa jina tu.

John Howard alizaliwa mwaka 1726. Baba yake alikuwa mfanyi biashara tajiri wa London, naye alipofariki alimwachia mali nyingi. Mwaka 1755 mji wa Lisbon ulibomolewa na tetemeko la ardhi, na Howard akapanda merikebu kwenda Ureno. Njiani merikebu ilitekwa na Wafaransa, naye akafungwa pamoja na wenzake katika ngome ya Brest. Walilala juu ya majani makavu, wakakaa muda mrefu bila maji wala chakula. Walipotupiwa pande la nyama, walilirarua kwa meno kwa kukosa kisu. Baadaye aliachiliwa, lakini mambo aliyoyaona hayakumtoka moyoni.

Alirudi akakaa katika kijiji cha Cardington, kaunti ya Bedfordshire, akawajengea wapangaji wake nyumba nzuri na kuwasomesha watoto wao. Mwaka 1773 akafanywa sherifu. Hakuwa mfuasi wa Kanisa la Uingereza, na kwa sheria ya siku hizo mtu kama yeye aliweza kushtakiwa kwa kushika cheo cha serikali. Alikishika hivyo hivyo.

Basi akaenda kulitazama gereza la Bedford. Katika gereza la kaunti hiyo ndimo alimofungwa John Bunyan katika karne ya 17, yule mtungaji wa hadithi ya msafiri ambayo imetafsiriwa pia kwa Kiswahili. Howard aliona jambo la ajabu. Bwana jela hakuwa na mshahara. Aliishi kwa ada za wafungwa. Kila aliyetaka kutoka alilipa shilingi 15 na peni 4, na mlinzi wa mlango shilingi 2. Watu walishinda kesi mahakamani, wakarudishwa ndani kwa sababu hawakuwa na fedha hizo. Hakimu amemwona mtu hana hatia, naye bado yumo kifungoni!

Howard aliwaomba mahakimu wa kaunti wampe bwana jela mshahara. Walitaka kwanza waonyeshwe kaunti nyingine inayofanya hivyo. Akapanda farasi, akazunguka kaunti za jirani kutafuta mfano. Hakuupata, ila alikuta taabu ile ile kila mahali. Palikuwa na magereza ambayo madirisha yake yalizibwa, kwa kuwa serikali ilitoza kodi ya madirisha na bwana jela hakutaka kuilipa. Homa ya gereza, iletwayo na chawa, iliua watu wengi. Kwa hesabu yake iliua wengi kuliko kamba ya mnyongaji. Nguo zake zilinuka hata hakuweza kupanda gari lililofungwa, na daftari zake ilimbidi kuzianika mbele ya moto kabla ya kuzisoma.

Mwaka 1774 aliitwa mbele ya Bunge kueleza aliyoyaona. Mwaka huo huo zikapitishwa sheria mbili. Moja ilisema kwamba asiye na hatia aachiliwe bila kulipa kitu. Ya pili iliagiza kuta zipakwe chokaa kila mwaka na wagonjwa wapewe vyumba vyao. Howard alizichapisha kwa fedha zake, akazipeleka kwenye magereza yote. Tena hakuridhika na karatasi. Alirudi kuona kama zinafuatwa, na mara nyingi alikuta hazifuatwi. Mwaka 1777 akatoa kitabu chake juu ya hali ya magereza.

Tangu hapo alizunguka Ulaya, akifika Uholanzi, Italia, Urusi na hata Uturuki. Inakadiriwa kwamba alisafiri zaidi ya maili 40,000 na kutumia paundi 30,000 zake mwenyewe. Hakula nyama wala hakunywa pombe. Lakini hakuwa malaika. Mwanawe wa pekee, aliyefiwa na mama akingali mchanga, alilelewa kwa ukali, na baba alikuwa safarini mara kwa mara. Kijana huyo alirukwa na akili.

Howard alifariki mwezi wa Januari 1790 katika mji wa Kherson, ambao sasa uko Ukraine, kwa homa aliyoipata alipomhudumia mgonjwa. Hakutaka ukumbusho wowote ila saa ya jua juu ya kaburi. Hata hivyo sanamu yake iliwekwa katika kanisa kuu la Mtakatifu Paulo, London, kabla ya sanamu nyingine yoyote.

Ndugu wasomaji, masherifu wa Bedfordshire waliotangulia walikuwa na cheo kile kile, na gereza lile lile, na ada zile zile. Tofauti ni kwamba Howard aliingia ndani. Yule mtoto alipona, namshukuru Mungu. Nami siku hizi hufika mpaka kitanda cha mwisho, nikamwuliza kila mmoja hali yake, ndipo nishike kalamu.