Mwalimu Alipojisahihisha Mwenyewe

Karibu na mnara wa Mwenge, Kaloleni, kuna jengo ambalo wengi wetu hulipita mbio tukiwahi daladala. Ni Makumbusho ya Azimio. Humo, tarehe 26 hadi 29 Januari 1967, Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa na kutoka na Azimio la Arusha. Hilo tulikariri tangu shule ya msingi. Alichokifanya Julius Nyerere miaka kumi baadaye hakisemwi sana, na kwangu mimi ndicho kikubwa zaidi.

Alizaliwa Butiama mwaka 1922, akasoma Tabora, Makerere na Edinburgh, akafundisha Pugu, kisha akaiongoza TANU tangu 1954. Januari 1962, uhuru ukiwa na wiki sita tu, aliachia uwaziri mkuu akaenda kukijenga chama. Jamani, nani leo anaachia kiti kwa sababu kazi yenyewe iko kwingine?

Oktoba 1966 wanachuo wa Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Aliwarudisha makwao karibu mia nne (ukali huo tusiupambe), lakini papo hapo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi mitatu baadaye Azimio likamkataza kiongozi kuwa na hisa kwenye kampuni, mishahara miwili au nyumba ya kupangisha. Angalia sharti lenyewe lilivyo: nyumba ya kupangisha unayo au huna. Halina kona ya kujificha, tofauti na ile mipango mkakati yetu inayoahidi kuboresha ustawi wa wanafunzi bila kusema nani atajuaje umeboreka.

Kisomo cha watu wazima ndipo palipofanyika kazi safi. Sensa ya 1967 ilionyesha kwamba takriban theluthi mbili ya watu wazima hawajui kusoma. Mwaka 1975 likafanyika jaribio la taifa lenye hatua nne, na ilikubaliwa mapema kwamba anayehesabiwa kuwa anajua ni aliyefika hatua ya tatu au ya nne. Kujiandikisha darasani hakukutosha. Wasiojua walikuwa wamebaki asilimia 39, na 1977 wakawa 27.

Vijiji sasa. Novemba 1973 Mwalimu aliagiza kwamba kufikia mwisho wa 1976 watu wote wa vijijini wawe wanaishi katika vijiji. Hapo hesabu ikawa vichwa, na mkuu wa wilaya aliyetaka kuonekana mchapakazi alijua la kufanya: malori, na kwingine nyumba za watu kuchomwa ili wasirudi. Kufikia 1977 watu zaidi ya milioni 13 walikuwa vijijini. Lengo lilitimia kwenye karatasi. Ila ujamaa wenyewe, yaani watu kulima pamoja kwa hiari yao, haukuwa umefika, na hakuna lori linaloweza kuuleta.

Basi mwaka 1977 akakaa akaandika tathmini ya miaka kumi ya Azimio lake, ikachapishwa watu wote waisome. Alisifu shule, maji na zahanati. Kisha akakiri kwamba nchi haijawa ya kijamaa wala haijajitegemea, akavitaja viwanda vinavyofanya kazi chini ya uwezo wake, mashirika ya umma yasiyo na tija, na kilimo kilichozorota. Alikuwa rais na mwenyekiti wa chama. Hakuna aliyeweza kumlazimisha. Udhaifu ni kwamba kusema hakukubadilisha mwendo sana, na miaka ya themanini ilikuwa ya foleni za sukari na sabuni.

Aling'atuka urais 1985. Mwaka 1998 alirudi Arusha kusuluhisha Warundi, akayagawa mazungumzo katika kamati tano, kila moja na suala lake. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999. Mkataba ulisainiwa hapa Arusha Agosti 2000, chini ya Mandela.