Sidi Mubarak Bombay: Mtu Aliyenyang'anywa Jina

Miongoni mwa mambo ambayo wazee wetu waliyatilia mkazo katika malezi ni mtoto kuijua nasaba yake. Kabla hajahitimu juzuu ya kwanza alikuwa amekwisha fundishwa kulitaja jina lake, la baba yake, la babu yake, na kuendelea mpaka pale ilipokoma kumbukumbu ya ukoo. Desturi hiyo ni njema, maana dini imetuhimiza kuunga udugu, na udugu hauungwi na mtu asiyejua ndugu zake ni akina nani. Hata hivyo, yafaa tuseme wazi kwamba katika visiwa vyetu wako wengi ambao mnyororo huo huwakatikia ghafla kwa babu wa tatu au wa nne. Wakiulizwa sababu hunyamaza, ama hujitungia ukoo wa ng'ambo usiokuwepo. Sababu yenyewe inajulikana. Babu huyo aliteremshwa jahazini hapa Unguja akiwa mtumwa, na jina alilopewa na wazazi wake likabaki bara.

Leo twapenda kumzungumza mmoja wa watu wa namna hiyo, ambaye sifa zake zimeenea duniani na ambaye hata hivyo jina lake la kwanza halimo katika kitabu chochote. Naye ni Sidi Mubarak Bombay.

Alizaliwa kiasi cha mwaka 1820 katika nchi ya Wayao, upande wa Mto Ruvuma. Habari za utoto wake zimetufikia kwa sababu alimsimulia John Hanning Speke, ofisa wa jeshi la Waingereza la India, naye akazichapisha katika kitabu kilichotoka mwaka 1864. Waliosoma elimu ya hadithi wanajua kwamba habari haipokewi mpaka iulizwe imepokewa kutoka kwa nani. Basi na tuulize. Mzungumzaji alikuwa mwenyewe aliyetendewa, naye alizungumza kwa Kihindustani, lugha ambayo si yake wala si ya msikilizaji. Msikilizaji akaandika kwa Kiingereza, kwa ajili ya wasomaji wa Uingereza. Sanadi ni fupi, ila ilivuka lugha mbili kabla ya kufika kwenye karatasi, na kila mwenye kuisoma hana budi kulikumbuka hilo.

Masimulizi yenyewe ni haya. Kijana huyo alipokuwa na umri wa miaka kama 12, wafanyabiashara kutoka pwani walikizingira kijiji chao, wakiwa na bunduki na panga, wakadai walipwe papo hapo deni la nguo na shanga walizokuwa wamewakopesha wanakijiji. Kulipa hawakuweza. Waliokimbilia porini wakakimbia, na waliokamatwa wakafungwa minyororo. Mtoto yule hakumwona tena baba yake. Alipelekwa Kilwa, kisha Zanzibar, akauzwa kwa bei ya nguo, akavushwa bahari hadi India. Twaomba msomaji aizingatie hila iliyotumika hapo. Biashara ya mkopo iligeuzwa kuwa mtego, na mtoto asiyekopa kitu ndiye aliyelipishwa deni.

Kwa Wayao ukoo hufuatwa kwa upande wa mama, na mjomba ndiye mlezi na mwenye kauli. Kwa hiyo aliyeng'olewa kijijini hakupoteza mzazi tu. Alipoteza upande wote ambao ungelimpa jina, shamba na mahali pa kuzikwa. Majina aliyoyapata baadaye yote ni ya njiani. Sidi ni jina ambalo watu wa India huwaita wenye asili ya Afrika. Mubarak, maana yake aliyebarikiwa, ni miongoni mwa majina ambayo mabwana walipenda kuwapa watumwa wao. Bombay ni mji. Katika hayo matatu hakuna hata moja lililotoka kinywani mwa mama yake.

Bwana wake huko India alipofariki, Mubarak aliachwa huru. Angeweza kubakia kule, kwani Waafrika waliolowea Gujarat walikuwa wengi, na dhuria wao wapo hadi leo. Yeye akarejea Zanzibar, akaandikwa askari wa Sultani, akapelekwa katika kituo cha Chogwe karibu na Mto Pangani. Hapo ndipo mapema mwaka 1857 walipomkuta Richard Burton na Speke, wakamchukua katika utumishi wao. Speke hakujua Kiswahili, lakini alijua Kihindustani kwa sababu ya kazi yake ya jeshi. Lugha ambayo Mubarak aliipata utumwani ikawa daraja la msafara mzima.

Kuanzia hapo, kwa muda wa miaka kama 20, jina lake lilitajwa katika safari kubwa kadhaa zilizotoka Zanzibar kuelekea maziwa makuu. Mwaka 1858 alifika Ujiji, kwenye Ziwa Tanganyika, pamoja na Burton na Speke. Mwaka huo huo, Burton alipobaki Tabora akiugua, yeye alikwenda kaskazini na Speke hadi Mwanza, wakaliona lile ziwa ambalo Waingereza waliliita Victoria. Wenyeji wa Ukerewe na Usukuma walikuwa wakilivua samaki karne na karne, lakini katika vitabu vya Ulaya limeandikwa kuwa liligunduliwa siku hiyo.

Mwaka 1860 alitoka tena Bagamoyo pamoja na Speke na James Grant. Walipita Karagwe kwa Rumanika, Buganda kwa Mutesa na Bunyoro kwa Kamurasi, wakafuata Mto Nile hadi Cairo, ambako walifika mwaka 1863. Katika njia hiyo Bombay alikuwa mmoja wa wakuu wa watu, mkalimani na mjumbe wa kutangulizwa mbele kwa wafalme. Mwaka 1871 Henry Stanley alimfanya mkuu wa askari wake, akawepo Ujiji mwezi wa Novemba alipopatikana David Livingstone. Kisha mwaka 1873 aliondoka na Verney Lovett Cameron, wakaikata Afrika kwa miguu kutoka Bagamoyo hadi pwani ya Angola, ambako walifika mwezi wa Novemba 1875. Ni watu wachache mno wa zama zake, weupe kwa weusi, waliolijua bara hili kwa nyayo zao kiasi hicho.

Wakuu wake walimwandika kila mmoja kwa namna yake. Burton na Speke walimsifu kwa uaminifu na bidii isiyochoka. Stanley alimtia dosari nyingi, na Cameron naye akamlalamikia, pamoja na kumshutumu kwa ulevi. Yawezekana kila mmoja aliona alichokiona, maana binadamu hakosi ila, na mtu wa miaka 50 si kijana wa miaka 35. Lakini kalamu ilikuwa mikononi mwao peke yao. Speke mwenyewe ameandika jinsi alivyompiga Bombay ngumi za uso mbele ya watu, katika safari ya pili, hata akamvunja meno, kwa sababu walihitilafiana juu ya amri. Aliyepigwa hakuandika kitabu. Meno yale yaliyovunjika ni ushahidi tunaopaswa kuusoma sambamba na medali.

Medali nayo ilikuja. Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London ilimtunukia medali ya fedha kwa kazi yake katika safari ya Nile, na mwaka 1876 ikamkatia malipo ya uzeeni ya maisha yake yote. Mwaka huo alikuwa amerejea Zanzibar kwa meli kupitia Rasi ya Tumaini Jema. Alipokuwa barani na Cameron, mwezi wa Juni 1873, soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa kwa mkataba. Aliporudi aliikuta kazi ya kujenga kanisa mahali pale ambapo binadamu walikuwa wakinadiwa. Alifariki mwaka 1885, miaka 12 kabla ya amri ya mwaka 1897 iliyoondoa hadhi ya kisheria ya utumwa katika visiwa hivi.

Kwa muda mrefu baada ya hapo, sanamu na majina ya mitaa yaliwekwa kwa ajili ya wale waliobebewa mizigo. Mwaka 2009 jumuiya ile ile ya London ilifanya maonesho kuhusu watu waliosahauliwa katika historia ya safari zake, na Bombay akawa mmoja wao. Twalishukuru jambo hilo. Lakini itakuwa fedheha kwetu ikiwa London itamkumbuka zaidi kuliko Zanzibar, mji ambao aliuchagua alipokuwa huru kuchagua.

Kwa nini basi tumemleta msafiri huyu mbele ya wasomaji wetu? Ni kwa sababu Bombay alipata bahati ambayo wenziwe hawakuipata: alifuatana na watu wanaoandika. Mwishoni mwa kitabu chake cha mwaka 1863, Speke aliorodhesha majina ya watu wa msafara wake, nani alitoroka, nani alifariki, nani alifika Cairo. Wengi wao walikuwa watumwa walioachwa huru, nao walijiita Waungwana. Kila jina katika orodha ile huenda ni babu wa mtu fulani aliye Ng'ambo, Mkokotoni au Wete, asiyejua kwamba mzee wake ameandikwa.

Na kumbukumbu nyingine ziko hapa hapa kwetu. Baada ya amri ya mwaka 1897, mtumwa aliyetaka uhuru wake alilazimika kwenda mahakamani kuudai, na bwana akalipwa fidia. Kwa hiyo majina yaliandikwa. Ziko hati za wakfu, vyeti vya ndoa na mashauri ya mirathi. Nyaraka za Taifa pale Kilimani zimehifadhi sehemu kubwa ya karatasi hizo. Anayetaka kumtafuta mzee wake aanze nyumbani: aulize jina la bibi kizaa bibi, aulize kaburi liko wapi, shamba lilinunuliwa kwa nani, na kwa nini mji fulani wa bara hutajwa katika nyimbo za kubembelezea watoto wa ukoo huo. Akishapata mwaka na mahali, ndipo aende kwenye makabati ya Serikali.

Kwa maofisa wetu tuna neno moja. Karani anayeandika jina la mtoto mchanga kwa uzembe, au sheha anayeacha kifo kipite bila kuandikwa, anafanya kwa kalamu yake kazi ile ile iliyofanywa na mnyororo wa Kilwa. Karatasi za zamani zinazooza katika ofisi za wilaya, zikiliwa na mchwa na kunyeshewa na mvua, ni nasaba za watu, na zapaswa kutunzwa kwa heshima hiyo.

Na kwa wale wanaoona haya kusema kwamba bibi yao aliletwa kwa jahazi kutoka Kilwa, twawaambia kwamba haya hiyo si yao. Ni ya waliokizingira kijiji, walionunua na waliouza. Mtoto wa Kiyao aliyetiwa mnyororo akiwa na miaka 12 alirudi akiwa mtu huru, akawaongoza watu kutoka bahari hata bahari. Mwenye babu wa namna hiyo amtaje kwa sauti, na mwenye karani au mtoto anayejua kuandika amwandikishe leo, wangali hai wanaokumbuka.