Somo la Bonde la Ufa Lisiishie Ubaoni

Kila mwaka, katika shule zetu za sekondari msingi na za upili, wanafunzi hutakiwa wakariri jinsi Bonde la Ufa lilivyotokea. Hukariri nyufa mbili zinazokwenda sambamba, hukariri kipande cha ardhi kilichotitia katikati yake, kisha huchora mchoro wenye mishale na kuupaka rangi. Wengi wao hufanya hivyo wakiwa wameketi ndani ya bonde lenyewe. Mchoro huo una manufaa yake. Linalonikera ni kwamba mwanafunzi hafundishwi kuulinganisha na magenge anayoyaona kila asubuhi akienda shuleni.

Ndiyo maana leo nimeona heri niwasimulie walimu na wanafunzi maisha ya John Walter Gregory, mwanajiolojia aliyelipa bonde hili jina ambalo wanasayansi wa dunia nzima wanalitumia.

Gregory alizaliwa jijini London mwaka 1864. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa sufu, na kijana alipotimiza umri wa miaka 15 aliacha shule akawa karani katika biashara iyo hiyo. Mchana alishinda na hesabu za sufu. Jioni alikwenda kusoma sayansi katika taasisi ya Birkbeck, iliyofundisha watu wenye kazi zao. Mwaka 1887 aliajiriwa na Makumbusho ya Uingereza katika idara ya jiolojia, na shahada yake ya kwanza aliipata mwaka 1891, akiwa tayari mfanyakazi. Nawasihi wanafunzi ambao masomo yao yamekatizwa na ukosefu wa karo walizingatie jambo hili.

Siku hizo, mwanajiolojia wa Vienna aitwaye Eduard Suess alikuwa amezisoma taarifa za safari ya Teleki na von Höhnel, waliofika Ziwa Turkana mwaka 1888. Katika maandishi yake ya mwaka 1891 alidai kwamba mabonde na maziwa ya Afrika Mashariki ni sehemu za mpasuko mmoja mrefu unaoelekea hadi Bahari ya Shamu. Suess hakuwahi kufika huku. Dai lake lilikuwa zito, lakini lilihitaji mtu wa kwenda kulikagua kwa macho na kwa nyundo.

Mwishoni mwa mwaka 1892 Gregory alijiunga na msafara mkubwa uliokusudia kufika Ziwa Turkana. Msafara huo ulivunjika kabla ya kufika mbali. Mwingine angalirudi kwao. Yeye alikwenda Mombasa, akakusanya wapagazi wapatao 40, na mwezi wa Machi 1893 akashika njia ya bara. Reli haikuwapo, kwani ujenzi wake ulianza mwaka 1896. Walikwenda kwa miguu hadi Naivasha, wakafika Ziwa Baringo, kisha wakavuka Laikipia hadi Mlima Kenya.

Njiani alivunja vipande vya miamba, akapima urefu wa mahali kutoka usawa wa bahari, akachunguza jinsi matabaka yalivyokatika kwenye kuta za bonde. Bonde lililochimbwa na mto lina alama zake, kwa kuwa maji huula mwamba polepole na kufuata mteremko hadi baharini. Alichokiona hapa kilikuwa tofauti: magenge yaliyopangana mfano wa ngazi, sakafu pana, na maziwa ambayo mengi hayana mto wa kuyatoa maji yake. Akaridhika kwamba ardhi ilipasuka na sehemu ya kati ikatitia. Mwaka 1896 alichapisha kitabu juu ya safari hiyo, na jina la Bonde la Ufa likaingia katika sayansi.

Mlimani alipita msitu na mianzi hadi akaifikia barafu, akawa mwanasayansi wa kwanza kuichunguza mito ya barafu ya Mlima Kenya. Mto wa barafu ni barafu nene iliyorundikana kwa miaka mingi, ikawa inateleza polepole kwa uzito wake huku ikiburura mawe. Mbali chini ya pale ilipokomea, Gregory alikuta vifusi vya mawe yaliyoletwa na barafu. Ilikuwa dhahiri kwake kwamba zamani barafu ilishuka chini zaidi. Leo alama kama hizo hutufunza kwamba tabianchi ya sehemu hizi iliwahi kuwa ya baridi kuliko sasa.

Mwaka 1900 alianza kazi ya uprofesa katika Chuo Kikuu cha Melbourne. Katika likizo ya kiangazi ya mwaka 1901 kuingia 1902 aliwachukua wanafunzi wake, wakasafiri kwa ngamia kulizunguka Ziwa Eyre katika nyika kame za Australia. Aliandika pia vitabu vya jiografia vya shule. Mwaka 1904 alihamia Chuo Kikuu cha Glasgow, akafundisha huko hadi mwaka 1929. Katikati ya kazi hiyo, mwaka 1919, alirudi Kenya kulichunguza bonde kwa mara ya pili, na mwaka 1921 akatoa kitabu kingine kuhusu mabonde ya ufa na jiolojia ya Afrika Mashariki.

Sikusudii kumvika kilemba cha ukoka. Mwaka 1925 Gregory alichapisha kitabu kuhusu watu wa rangi mbalimbali, akitetea watenganishwe. Mtu ambaye hakuusemea mwamba kabla ya kuupasua hakuwatendea binadamu wenzake insafu hiyo. Na wapagazi waliobeba vyombo, vyakula na mawe yake, ambao bila wao asingalifika popote, hawatajwi katika masomo yetu. Mwalimu anayemsimulia Gregory sharti ayaseme na haya.

Hata kuhusu bonde lenyewe hakujua yote. Nadharia ya mabamba yanayounda gamba la dunia ilikubalika katika miaka ya 1960, yeye akiwa kaburini. Kwa nadharia hiyo twaelewa kwamba Afrika inagawanyika, na upande wa mashariki unajitenga kwa milimita chache kwa mwaka. Mwanafunzi akifunzwa kwamba bingwa mwenyewe alikosolewa na ushahidi mpya, atajua kwamba sayansi si msahafu.

Gregory hakutulia hata baada ya kustaafu. Tarehe 2 Juni 1932, akiwa na umri wa miaka 68, mtumbwi wake ulipinduka katika mto Urubamba nchini Peru, alikokwenda kuchunguza milima ya Andes, akafa maji.

Mto mmoja wa barafu wa Mlima Kenya uliitwa Gregory kwa heshima yake. Sasa haupo, ulitoweka mwanzoni mwa muongo wa 2010. Jirani yake, uitwao Lewis, ambao yeye ndiye aliyeupa jina, ulipoteza karibu asilimia 90 ya ujazo wake kati ya mwaka 1934 na 2010. Katika muongo huo wa 2010, maziwa ya Baringo, Nakuru na Naivasha yalifura, yakafunika mashamba na makao ya watu. Huko Baringo hata shule ziliingiliwa na maji. Mtoto aliyehamishwa na ziwa akaambiwa akariri maana ya ziwa, tumemfunza nini?

Mwezi wa Machi 2018 mvua kubwa ilifichua ufa mrefu karibu na barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok. Habari zikavuma duniani kwamba Afrika inakatika mapande mawili. Wanajiolojia wengi wakaeleza kwamba maji ya mvua yalikuwa yameukokoa udongo laini wa majivu ya volkeno. Wangapi miongoni mwa wanafunzi wetu, waliokwisha kuupata mchoro ule alama zote, wangeweza kuuliza kama milimita chache kwa mwaka zingetosha kufungua handaki kwa usiku mmoja?

Maoni yangu ni kwamba hatuhitaji fedha nyingi kuanza. Kopo lenye mdomo na kitako vya upana mmoja, pamoja na rula, vyatosha kupima mvua kila siku, na daftari la darasa likiendelezwa mwaka baada ya mwaka litaonyesha misimu inavyokwenda. Shule iliyo kando ya ziwa yaweza kupiga mambo ufuoni na kuandika tarehe. Wazee waulizwe maji yalifika wapi zamani, na maneno yao yalinganishwe na vipimo. Shule iliyo mbali na bonde ina korongo, kilima au machimbo ya mawe yaliyo wazi. Mwalimu wa Jiografia na wa Sayansi waketi pamoja muhula huu, wachague mahali pamoja karibu na shule yao, wawapeleke wanafunzi, na wasiwaambie jibu kabla hawajatazama.