Alfred Newman: Mwana wa Muuza Mboga Aliyewaongoza Wengine Kuimba

Wengi wetu tumemsikia mtu huyu bila kujua jina lake. Filamu inapoanza, ngoma zinalia, tarumbeta zinajibu, na mianga mikubwa inamulika angani kuzunguka nembo ya kampuni iliyokuwa ikiitwa Fox. Mlio huo ulitungwa mwaka 1933 na Alfred Newman.

Newman alizaliwa Machi 1900 katika mji wa New Haven, Marekani, akiwa kifungua mimba katika familia ya watoto kumi. Wazazi wake walikuwa Wayahudi waliohamia huko kutoka Urusi. Baba aliuza matunda na mboga, na pesa zilikuwa haba. Mama alipenda muziki, maana baba yake mwenyewe alikuwa mwimbishaji wa sala katika sinagogi. Ndiye aliyehakikisha mtoto anafunzwa piano tangu umri wa miaka mitano, hata kama ilimbidi kijana atembee mwendo mrefu kumfikia mwalimu.

Kipaji kilionekana mapema, akapelekwa New York kusoma kwa walimu wakubwa. Lakini nyumbani mambo yalizidi kuwa magumu. Akiwa na miaka 13 hivi tayari alikuwa akipiga piano katika majumba ya burudani ili wadogo zake wale. Ndoto ya kuwa mpiga piano wa majukwaa makubwa ikabaki njiani. Hata hivyo hakuuacha muziki. Akiwa kazini alijifunza kuongoza okestra, na kabla ya kufikisha miaka 21 alikuwa akiongoza maonyesho ya Broadway. Aliifanya kazi hiyo kwa miaka kumi.

Mwaka 1930 alikwenda Hollywood. Sinema zilikuwa ndiyo kwanza zimeanza kutoa sauti, na watu wanaojua kuoanisha muziki na picha walikuwa wachache. Mwaka 1931 aliongoza muziki wa filamu ya Charlie Chaplin, City Lights. Kuanzia mwaka 1940 hadi 1960 alikuwa mkuu wa muziki katika kampuni ya 20th Century-Fox.

Walimu wa kwaya watapenda kujua jinsi alivyofanya kazi. Okestra ilikaa mbele ya skrini kubwa, naye akiongoza huku akitazama filamu. Waongozaji wengine walivaa vifaa masikioni vilivyogonga mapigo kama saa. Newman aliona kugonga huko kunaukausha muziki. Kwa hiyo ukakwaruzwa mstari kwenye mkanda wa filamu. Mstari huo ulionekana ukipita polepole kwenye skrini, kisha mwanga ukamulika pale muziki ulipotakiwa kufika. Katikati ya alama hizo alikuwa huru kuharakisha au kuvuta pumzi, mradi afike kwa wakati. Njia hiyo bado hutumika, na inaitwa kwa jina lake.

Hakufanya kazi peke yake. Alikuwa na wapangaji wa vyombo kama Edward Powell, na kwa upande wa waimbaji alishirikiana na mwalimu wa kwaya Ken Darby. Vijana wengi waliokuja kuwa watunzi wakubwa walipata nafasi mikononi mwake. Wadogo zake, Lionel na Emil, nao wakawa viongozi wa muziki.

Filamu za habari za imani zilimpa kazi zake nzito zaidi. The Song of Bernadette ya mwaka 1943, inayosimulia msichana wa Lourdes aliyeona maono, ilimpatia tuzo ya Oscar. Mwaka 1953 alitunga muziki wa The Robe, habari ya vazi la Yesu. Muziki huo haukuteuliwa hata kuwania tuzo, na mtunzi mwenzake Franz Waxman alikasirika kiasi cha kujiuzulu kutoka chama kinachotoa Oscar. Waxman alikuwa mshindani wake, lakini hakuvumilia kuona kazi njema ya mwingine ikipuuzwa.

Jaribu kubwa lilikuja na The Greatest Story Ever Told, filamu ya maisha ya Yesu iliyotoka mwaka 1965. Newman na Darby walifanya kazi kwa muda mrefu, wakaandaa Haleluya yao wenyewe kwa okestra na kwaya. Kisha mkurugenzi George Stevens akaamua Haleluya ya Handel iwekwe mahali pake. Handel ni Handel, na hakuna mwanakwaya atakayemdharau. Lakini fikiria uchungu wa kuandaa wimbo, kuufundisha sauti zote nne, halafu siku yenyewe uambiwe utaimbwa mwingine. Newman aliumia sana.

Hata hivyo hakuweka chini fimbo ya kuongozea. Yeye na Darby waliendelea pamoja, na filamu ya Camelot ya mwaka 1967 ikawapatia Oscar. Kwa Newman ilikuwa ya tisa. Alifariki tarehe 17 Februari 1970, mwezi mmoja kabla ya kutimiza miaka 70, baada ya kumaliza muziki wa filamu ya Airport. Wanawe David, Thomas na Maria wote wakawa wanamuziki.

Katika tuzo zake tisa, ni mbili tu alizopewa kwa muziki aliotunga. Nyingine zote zilikuwa za kupanga na kuongoza nyimbo za watu wengine zisikike vizuri. Wanakwaya wenzangu, hiyo ndiyo kazi yetu kila Jumapili. Hatukutunga nyingi ya nyimbo tunazoimba. Tumekabidhiwa tu, nasi tuziimbe vema.