Nasaba ya kweli haihitaji taji

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kadiri miaka inavyosonga ndivyo ninavyoamini kwamba methali hii haihusu mali ya dukani peke yake, bali pia mali tusiyoizoea kuihesabu, nayo ni habari za watu waliotuzaa. Kila ninapohudhuria mazishi huko kwetu, pande za Ziwa Victoria, hufika wakati wa kusomwa wasifu wa marehemu. Mara nyingi nimesikia mkulima mnyofu, aliyewasomesha wanawe kwa jasho lake, akigeuzwa mbele ya jeneza kuwa kitukuu cha mtawala ambaye hakuna mzee hata mmoja anayemkumbuka. Waombolezaji hutikisa vichwa kwa adabu, nami hubaki nikijiuliza: kulima kuna aibu gani hata kuhitaji kufunikwa kwa taji la kuazima?

Swali hilo ndilo linalonifanya niandike leo juu ya mtu wa mbali, William Rittenhouse, mtengenezaji karatasi anayehesabiwa kuwa mhubiri wa kwanza wa Wamenoniti katika nchi ambayo sasa ni Marekani. Huenda msomaji akashangaa kwa nini nimevuka bahari kutafuta mfano. Kwanza, kanisa lake si geni kwetu. Wamenoniti wa Pennsylvania ndio waliotuma wamisionari Tanganyika na kuanzisha kituo cha Shirati mwaka 1934, si mbali na mpaka wetu, na babu yangu alibatizwa nao. Pili, jamaa ya Rittenhouse ilipatwa na maradhi haya haya ya kutamani taji, na tiba yake ikapatikana katika karatasi.

Wamenoniti huitwa hivyo kwa jina la Menno Simons, padri wa Kikatoliki wa Friesland, Uholanzi, aliyeuacha upadri mwaka 1536. Yeye na wenzake walishikilia kwamba ubatizo ni wa mtu mzima aliyeamini kwa hiari yake, na kwamba Mkristo hashiki silaha wala haapi kiapo. Kwa imani hiyo walisakwa, wakafungwa na wengi wakauawa. Uholanzi ndiko walikopata nafuu mapema kuliko kwingineko.

Rittenhouse alizaliwa mwaka 1644 karibu na mji wa Mülheim, kando ya mto Ruhr, Ujerumani. Jina la jamaa yake huko lilikuwa Rettinghaus. Alijifunza kazi ya karatasi, akahamia Uholanzi, na mwaka 1678 akaandikishwa kuwa raia wa mji wa Amsterdam. Katika kumbukumbu hiyo ya uraia yalitajwa mambo mawili yasiyo na makuu: kwamba ni mtu wa Mülheim, na kwamba ni mtengenezaji karatasi. Naomba msomaji ayaweke mambo hayo mawili akilini, kwa maana tutayarudia.

Karibu na mwaka 1688 alivuka Bahari ya Atlantiki pamoja na jamaa yake, akafanya makazi Germantown, kijiji jirani na Philadelphia kilichoanzishwa mwaka 1683 na familia zilizotoka mji wa Krefeld. Katika safari hiyo ndefu jina lake nalo lilisafiri. Kijerumani husema haus, Kiholanzi cha kale husema huys, Kiingereza husema house. Hayo ni maneno ndugu yenye maana moja, nyumba, kama nyumba ya Kiswahili ilivyo ndugu wa nyũmba ya Kigikuyu. Rettinghaus akawa Rittinghuysen, kisha akawa Rittenhouse. Kila nchi ilimjengea nyumba kwa matofali ya lugha yake, lakini mwenye nyumba alibaki yule yule.

Wakati huo karatasi iliyotumiwa katika makoloni ya Waingereza huko Amerika ililetwa kwa meli kutoka Ulaya. William Bradford, mpiga chapa wa Philadelphia, aliona hasara ya kutegemea bandari. Basi mwaka 1690 yeye, Rittenhouse na washirika wengine wakaanzisha kinu cha kwanza cha karatasi katika makoloni hayo, kando ya kijito kinachoingia katika mto Wissahickon. Bradford alipohamia New York baadaye, alimkodisha Rittenhouse sehemu yake ya kinu, na kodi ikalipwa kwa karatasi badala ya fedha. Kufikia mwaka 1705 hivi kinu kilikuwa kimekuwa mali ya jamaa ya Rittenhouse peke yao.

Kazi yenyewe haikuwa ya kifahari. Karatasi ya siku hizo haikutokana na miti bali na matambara. Mashati na mashuka makuukuu ya kitani yalikusanywa, yakachaguliwa, yakaloweshwa hadi yakaanza kuoza, kisha yakapondwa kwa michi mizito iliyoendeshwa na gurudumu la maji mpaka yakawa uji. Fundi alichovya kiunzi chenye wavu wa nyaya ndani ya pipa la uji huo, akakiinua na kukitikisa, maji yakachuruzika na utando mwembamba ukabaki juu. Utando ulilazwa juu ya kitambaa cha sufu, ukakamuliwa, ukaanikwa kama nguo, kisha ukapakwa gundi ili wino usisambae. Ukurasa mmoja mmoja, mkono kwa mkono. Juu ya wavu fundi alishona waya wenye umbo fulani, na umbo hilo likaacha alama ndani ya karatasi, isiyoonekana mpaka ukurasa uinuliwe kwenye mwanga. Alama za Rittenhouse zilikuwa na herufi za jina lake, jina la Pennsylvania, na jani la klova lililokuwa nembo ya Germantown.

Karibu na mwaka 1701 mafuriko yalikikumba kinu hicho na kukizoa. Mzee alikuwa anakaribia umri wa miaka sitini. William Penn, mwasisi wa koloni, aliwaombea msaada yeye na mwanawe Nicholas kwa wakazi wenziwe, na kufikia mwaka 1702 kinu kipya kilikuwa kimesimama.

Mtu huyu mwenye mikono iliyolowa ndiye ambaye Wamenoniti wa Germantown walimchagua kuwa mhubiri wao mwaka 1698. Hakuwa amesomea uchungaji chuoni, wala desturi ya watu wake haikudai hivyo. Mhubiri alichaguliwa na ndugu zake, akaendelea kujilisha kwa kazi yake. Alihudumu takriban miaka kumi, na mwezi wa Februari mwaka 1708 akafariki. Ubatizo wa kwanza wa kutaniko hilo ulifanyika mwezi Mei mwaka huo huo, chini ya Jacob Gottschalk, ambapo watu 11 walibatizwa. Alipanda, mwingine akavuna. Na hapa ndipo pana jambo linalonigusa zaidi: mtu aliyewapa wengine karatasi ya kuchapia maneno yao hakuacha kitabu chake mwenyewe. Maisha yake tunayasoma katika mikataba, katika orodha za kanisa na katika alama zilizomo ndani ya karatasi.

Kwa sisi Waafrika kuna ukurasa mwingine wa Germantown usiopaswa kurukwa. Mwaka 1688 wakazi wanne wa kijiji hicho walitia sahihi waraka wa kupinga biashara na umiliki wa watumwa, wakiuelekeza kwa Marafiki, ambao pia huitwa Wakweka. Ndio waraka wa kwanza wa aina hiyo kujulikana katika makoloni ya Waingereza huko. Uliwekwa kando, ukasahauliwa, ukafufuliwa mwaka 1844, miaka 21 kabla ya utumwa kupigwa marufuku nchini Marekani kote. Ningependa sana kuandika kwamba Rittenhouse alikuwa miongoni mwa wanne hao. Hakuwamo. Waraka upo, majina yako wazi, na mapenzi yangu kwake hayawezi kuongeza sahihi ya tano.

Tukifuata uzao wake, Nicholas aliendeleza kinu na pia akawa mhubiri. Shemeji yake, William DeWees, alijifunza kazi kwao na mwaka 1710 akaanzisha kinu chake. Nicholas alimzaa Matthias, naye Matthias akamzaa David mwaka 1732. David alijifundisha mwenyewe hisabati na ufundi wa saa, akaunda mitambo ya kuonyesha mwendo wa sayari, na mwaka 1769 akaichunguza sayari ya Zuhura ikipita mbele ya jua. Alimrithi Benjamin Franklin katika uongozi wa Chama cha Falsafa cha Marekani mwaka 1791, na mwaka 1792 akawa mkurugenzi wa kwanza wa kiwanda cha serikali cha kupiga sarafu. Uwanja maarufu wa Philadelphia una jina lake.

Mti ukishazaa tunda kama hilo, watu huanza kuona haya kwa ajili ya mizizi yake. Kitabu cha nasaba ya jamaa hiyo, kilichotungwa na Daniel K. Cassel na kuchapishwa mwaka 1893, kiliwafungamanisha na ukoo wa kifalme wa Habsburg, kupitia familia iliyoitwa Rittershausen. Sikio la Mjerumani husikia ndani ya jina hilo neno Ritter, yaani askari mwungwana mpanda farasi. Hadithi ilikuwa tamu, na waliozaliwa katika ukoo waliipenda. Katika karne ya 20 mtafiti wa nasaba Milton Rubincam alirudi kwenye nyaraka, na nyaraka hazikujua habari za mfalme. Zilijua Mülheim na karatasi. Nami kama mwanaisimu naongeza kwamba Rettinghaus si Rittershausen. Kiungo ing katika majina ya Kijerumani huonyesha watu wa fulani, wala farasi hayumo humo.

Sasa nina deni la kulipa. Baba yangu alipofariki, ndugu zake walinituma mimi, msomi wa ukoo, kuandika wasifu wake. Baba yangu mdogo alisisitiza kwamba babu alikuwa mwana wa mtawala wa kale, nami nikaandika, nikausoma mbele ya umati. Baadaye tulifungua sanduku la bati la babu. Mlikuwamo kadi yake ya ubatizo na daftari la hesabu za mbao. Babu alikuwa mpasua mbao. Aliandika kila ubao, bei yake na jina la aliyekopa. Nusu ya daftari ilikuwa imekwisha kuliwa na mchwa, na katika nusu hiyo ndimo ilimokuwa miaka ya ujana wake. Baba mdogo hajafurahi kusikia nikiyasema haya hadharani, naye ni mzee wangu, namheshimu. Lakini uongo nilioutamka kwenye kaburi la baba siwezi kuwaachia wanangu kama urithi.

Walimu wenzangu, wapeni wanafunzi kazi moja likizo ijayo: kila mmoja akamwulize mzee wake alifanya kazi gani, na alete karatasi moja yenye kuthibitisha, iwe risiti, kadi ya kliniki au barua. Asipoona ufalme, asione haya. Kule Pennsylvania, nyumba ya jamaa ya Rittenhouse iliyojengwa mwaka 1707 ingali imesimama kando ya kijito, nayo hutembelewa kama nyumba ya watengenezaji karatasi. Hilo limetosha kuilinda kwa zaidi ya miaka 300. Sisi nasi tuwahi masanduku yetu kabla ya mchwa.