Risasi ya Petersburg

Kila nisikiapo mashujaa wa vita wakisifiwa, mimi humkumbuka Joshua Lawrence Chamberlain, mwalimu wa chuo huko Maine, Marekani, aliyeacha chaki mwaka 1862 akaenda kupigania upande wa Kaskazini dhidi ya majimbo yaliyojitenga. Wengi humjua kwa Gettysburg, 1863, vijana wake walipokaribia kuishiwa risasi naye akawateremsha kilimani kwa singe. Linalonigusa mimi ni la Petersburg.

Hapo, Juni 18, 1864, risasi ilimwingia nyonga ya kulia ikapita hadi ya kushoto. Hakuanguka. Aliuchomeka upanga ardhini akauegemea, ili askari wake wasivunjike moyo, mpaka damu ikammalizia nguvu. Madaktari walikata tamaa. Jenerali Grant akampandisha cheo, na magazeti yakatangaza kifo chake. Kesho yake alichukua penseli akamwandikia mkewe, Fanny, barua ya kumuaga na kumwambia alivyompenda.

Kumbe siku zake zilikuwa hazijafika! Kabla ya mwaka kwisha alirudi vitani, na Aprili 12, 1865, huko Appomattox, ndiye aliyesimamia askari wa Kusini wakiweka silaha chini, akaamuru wapewe heshima ya kijeshi.

Nyumbani, nisifiche, mambo yalikuwa mazito. Mwaka 1868, akiwa gavana wa Maine, yeye na Fanny walikaribia kuachana. Hawakuachana. Fanny alipofuka uzeeni, akafa 1905. Mumewe alimfuata 1914, mzee wa miaka 85, jeraha la Petersburg likimtesa hadi mwisho.