Carl Anton Larsen: Nahodha aliyewafungulia wawindaji wa nyangumi bahari ya kusini

JINA la Carl Anton Larsen limo katika ramani ya Antaktika, kwenye tabaka kubwa la barafu linaloelea mashariki mwa rasi ya bara hilo. Mwaka wa 2002, sehemu ya barafu hiyo yenye ukubwa wa zaidi ya kilomita 3,000 za mraba ilipovunjika katika muda wa wiki chache tu, watu wengi duniani walilisikia jina hilo kwa mara ya kwanza. Ni wachache waliojua kuwa mwenyewe alikuwa baharia wa Norwei ambaye kazi yake ilibadilisha kabisa hali ya viumbe wa bahari za kusini.

Larsen alizaliwa Agosti 7, 1860, karibu na mji wa Larvik, kusini mwa Norwei. Baba yake alikuwa nahodha, na familia ilihamia Sandefjord, mji ambao wakazi wake waliishi kwa sili na nyangumi kama wakulima wanavyoishi kwa mashamba yao. Alianza kusafiri baharini akiwa bado mtoto, akasomea unahodha, na kabla ya kutimiza umri wa miaka 30 tayari alikuwa amepata sifa ya kuijua barafu na hatari zake.

Wakati huo nyangumi wa kaskazini walikuwa wamepungua kwa kuwindwa karne nyingi. Tajiri mmoja wa Sandefjord, Christen Christensen, aliamua kutafuta mawindo mapya upande wa pili wa dunia. Mnamo 1892 alimtuma Larsen kusini na meli ya Jason, kisha akamtuma tena mwaka uliofuata. Larsen aliwaona nyangumi wengi mno, lakini walikuwa wa jamii iendayo kasi, na Jason haikuwa na zana za kuwafukuzia. Alirudi na ngozi na mafuta ya sili, pamoja na visukuku alivyookota katika kisiwa cha Seymour, vya kwanza kupatikana Antaktika. Visukuku hivyo viliwathibitishia wanasayansi kwamba nchi ile ya barafu iliwahi kuwa na miti.

Meli yazama

Sifa hizo zilimfanya Otto Nordenskjöld, mtaalamu wa jiolojia kutoka Uswidi, amteue Larsen kuwa nahodha wa meli ya Antarctic katika msafara wa utafiti ulioanza 1901. Nordenskjöld na wenzake watano waliachwa katika kisiwa cha Snow Hill mapema 1902 ili wafanye utafiti wakati wa majira ya baridi. Larsen alipojaribu kuwarudia, barafu iliibana meli na kuipasua. Ilizama Februari 12, 1903.

Mabaharia walikokota mashua na vyakula juu ya barafu kwa siku 16 hadi kisiwa cha Paulet. Hapo walijenga kibanda cha mawe, wakaishi kwa nyama ya sili na pengwini zaidi ya 1,000 waliowaua kabla ya baridi kali kuingia. Kijana mmoja, Ole Wennersgaard, alifariki kwa maradhi. Wengine wote walinusurika, jambo ambalo wengi wamelihesabu kuwa ushahidi wa uongozi wa Larsen. Mwishoni mwa Oktoba yeye na watu watano walishika makasia, wakaelekea Snow Hill. Walifika Novemba 8, saa chache tu baada ya nahodha Julián Irízar wa meli ya Uruguay, iliyotumwa na serikali ya Ajentina kuwaokoa.

Bandari ya masufuria

Waokolewa walipokewa Buenos Aires kwa shangwe kubwa. Larsen aliitumia nafasi hiyo kuwaeleza matajiri wa mji huo juu ya nyangumi waliojaa katika bahari iliyo jirani yao. Februari 1904 kampuni ikaundwa, naye akapewa usimamizi. Novemba 16 mwaka huo alitia nanga katika kisiwa cha South Georgia, kwenye ghuba ya Grytviken, ambayo jina lake linatokana na masufuria ya kuyeyushia mafuta yaliyoachwa na wawindaji wa sili wa zamani.

Safari hii hakukosa zana. Alikuja na mashua ndogo ya mvuke yenye mzinga wa kurushia chusa, na nyangumi walikuwa karibu sana hata haikuhitajika kwenda mbali. Waliouawa mwanzoni walikuwa hasa nyangumi wenye nundu, ambao huenda polepole na hupenda kukaribia pwani. Mafuta yao yalitengenezewa sabuni na, baadaye, majarini. Faida ilivutia kampuni nyingine, na katika muda wa miaka michache vituo kadhaa vilikuwa vimejengwa kisiwani. Mizoga iliyokwisha kuchunwa shahamu iliachwa ielee na kuoza.

Uingereza, iliyodai kumiliki kisiwa hicho, iliweka masharti. Kampuni zilitakiwa kulipia ardhi na leseni, idadi ya mashua za kuwinda ikawekewa kikomo, na ikakatazwa kuua jike mwenye ndama. Hakimu alifika Grytviken mwishoni mwa 1909 kusimamia sheria hizo. Larsen mwenyewe alichukua uraia wa Uingereza mwaka wa 1910. Alileta familia yake, na kanisa lililosafirishwa vipande vipande kutoka Norwei likafunguliwa siku ya Krismasi 1913. Pia yeye na nduguye walileta kulungu wa nchi za baridi ili wawe kitoweo. Wanyama hao waliongezeka, wakaharibu majani ya kisiwa hata ikabidi waangamizwe baada ya miaka 100 hivi.

Hapo Grytviken kulikuwa na funzo ambalo halikuzingatiwa. Kampuni hiyo hiyo ilipewa leseni ya kuwinda sili tembo, lakini kwa utaratibu tofauti. Pwani iligawanywa katika sehemu nne, moja ikapumzishwa kila mwaka, na waliouawa walikuwa madume pekee kwa idadi iliyowekwa. Uwindaji huo uliendelea hadi miaka ya 1960, na sili bado wapo kwa wingi. Nyangumi hawakuwekewa idadi. Kabla ya 1920, wale wenye nundu walikuwa wamekuwa adimu kuzunguka kisiwa kizima, na wawindaji wakawageukia nyangumi wa buluu.

Safari ya mwisho

Larsen aliondoka Grytviken mwaka wa 1914, akarudi Norwei. Angeweza kustarehe, lakini mwaka wa 1923, akiwa na umri wa miaka 63, aliongoza meli-kiwanda Sir James Clark Ross na mashua tano za kuwinda kuingia Bahari ya Ross, ambako hakuna aliyewahi kuwinda nyangumi kibiashara. Walipata nyangumi 221 katika msimu huo, wakiwachuna ubavuni mwa meli katikati ya baridi kali. Alirudi tena mwaka uliofuata. Aliugua njiani, akafariki ndani ya meli Desemba 8, 1924. Maiti yake ilihifadhiwa ikarejeshwa Norwei, na uwindaji ukaendelea.

Njia aliyoionyesha ilikuwa na athari kubwa kuliko alivyoweza kuona. Meli-kiwanda hazikuhitaji ardhi, kwa hiyo hazikuhitaji leseni ya mwenye ardhi. Katika msimu wa 1930/31 peke yake, zaidi ya nyangumi wa buluu 29,000 waliuawa katika bahari za kusini. Vituo vya South Georgia, tangu siku ya Larsen hadi vilipofungwa katikati ya miaka ya 1960, vilichuna nyangumi 175,250.

Hata hivyo, ushuru wa mafuta hayo hayo ndio uliogharamia uchunguzi wa meli ya Discovery ulioanza 1925, ambao ulipima mizoga, ukawatia nyangumi alama na kuchunguza uduvi wanaowalisha. Elimu hiyo ni miongoni mwa misingi ya mkataba wa 1980 wa kuhifadhi viumbe wa bahari ya Antaktika. Chini ya mkataba huo, pengwini na sili hufuatiliwa kila mwaka, na uduvi huvuliwa kwa kikomo ili wanyama wanaowategemea wasife njaa. Biashara ya nyangumi ilisimamishwa na tume ya kimataifa kuanzia msimu wa 1985/86, nayo Bahari ya Ross, alikofia Larsen, ni hifadhi tangu Desemba 2017.

Nyangumi wamerejea kwa mwendo wa pole. Mwaka wa 2020 watafiti waliwahesabu nyangumi wa buluu 55 katika maji ya South Georgia, ambako kwa miongo kadhaa karibu hawakuonekana kabisa. Wale wenye nundu wameongezeka zaidi, na baadhi ya wanaokula uduvi wa Antaktika hupanda hadi pwani ya Afrika Mashariki kuzaa. Wavuvi wa Watamu huwaona kila mwaka kati ya Julai na Septemba, majike wakiwa na ndama wao.